Kabla Hujachimba Msingi Karibu na Hifadhi: Mwongozo kwa Wanaojenga Nyanda za Juu Kusini

Kaka yangu alifika lenta. Kiwanja chake kilikuwa upande wa juu kabisa wa kijiji, Rungwe, mahali ambapo ukisimama asubuhi unaona ukungu ukiinuka kutoka kwenye migomba ya watu wa chini. Alikinunua kwa mwenyeji, karatasi ya mauziano ikagongwa mhuri, mashahidi wanne wakatia saini, watu wakala wakanywa. Wiki ile mafundi wakingojea mbao za kenchi, walikuja vijana wawili na kifaa cha kupimia. Wakatembea kutoka kigingi kilichomezwa na majani hadi kigingi kingine, na mstari wa mpaka wa hifadhi ukapita katikati ya chumba ambacho kingekuwa sebule. Ujenzi ukasimamishwa, baadaye nyumba ikabomolewa. Aliyemuuzia alikuwa ameshahamia mkoa mwingine na hela zake.

Tangu hapo kila ndugu au rafiki anayeniambia amepata "kiwanja kizuri chenye hewa safi" kule Makete, Mufindi, Kilolo au Mbeya Vijijini, namketisha chini kwanza. Haya ndiyo ninayomwambia, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya kwanza: uliza ardhi ni ya aina gani kabla hujauliza bei

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inagawa ardhi ya Tanzania mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo. Mjini, kwa mfano Jiji la Mbeya, Tukuyu au Mafinga, unaangalia kama kiwanja kimepimwa, kina namba na bikoni (alama za mpima kwenye kona), kisha unafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kijijini unakwenda kwa mtendaji wa kijiji, siyo kwa dalali. Na kwenye ardhi ya hifadhi huuziwi na mtu yeyote, hata kama babu yake alizikwa pale.

Wengi wakisikia "ardhi ya hifadhi" huwaza tembo na twiga. Kumbe ndani ya fungu hilo imo misitu, zimo barabara, na yamo maeneo ambayo sheria inayaita hatarishi: kingo za mito, maeneo oevu, miteremko mikali. Shamba lako linaweza kuwa mbali na mnyama yeyote na bado sehemu yake isiruhusiwe kujengwa. Kando ya barabara kuu na za mkoa, kwa mfano, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukiwa kwenye barabara ya lami anza na kipimo hicho. Ndicho rahisi kuliko vyote, na bado kila mwaka watu wanachorewa alama ya X.

Hatua ya pili: itambue hifadhi jirani kwa jina na kwa mamlaka yake

Usiridhike na jibu la "pale juu ni hifadhi." Hifadhi ya nani? Majibu yanatofautiana, na masharti nayo.

Kitulo, ile ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kilomita za mraba 412.9, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ruaha na Milima ya Udzungwa nazo ni hifadhi za taifa. Udzungwa ilitangazwa 1992 na upande wake wa Iringa unapakana na vijiji vya Kilolo. Ndani ya hifadhi ya taifa raia hajengi makazi. Hakuna cha kujadiliana.

Mlima Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Humo, na katika misitu ya Kitulo na Livingstone, anaishi kipunji, kima aliyetambulishwa kwa dunia mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani. Kati ya Rungwe na Livingstone kuna ushoroba mwembamba, Bujingijila, ambao misitu hiyo miwili inaunganika kupitia humo. Eneo kama hilo ukiliangalia kwa macho unaona shamba na vichaka, unasema hapa pana nafasi. Lakini ushoroba una kanuni zake chini ya sheria ya wanyamapori, kwa hiyo mahali popote palipo katikati ya misitu miwili, uliza neno hilo kwa jina lake: je, hapa ni ushoroba?

Kisha kuna misitu ya halmashauri za wilaya, mashamba ya miti ya serikali kama Sao Hill, shamba la mifugo kule Kitulo, na misitu ya hifadhi ya vijiji ambayo kijiji chenyewe kimejiwekea sheria ndogo. Upande wa Pawaga na Idodi, Iringa, kuna jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, MBOMIPA, ambapo ardhi ni ya vijiji lakini imetengwa kwa makubaliano. Usidhani kwamba kwa kuwa ni "ya kijiji" mwenyekiti anaweza kukukatia kipande. Hawezi.

Hatua ya tatu: utafute mstari wenyewe

Hapa ndipo kaka yangu alipopotea, na hapa nitakaa.

Mpaka wa hifadhi hauwekwi na kigingi, mti wala mtaro. Unawekwa na Tangazo la Serikali, GN, ambalo huueleza kwa maneno au kwa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Kigingi ni alama tu ya kile kilichoandikwa. Kinaweza kung'olewa, kusogezwa, kufunikwa na mafuriko. Mzee wa kijiji anaweza kukuonyesha mvule alioambiwa na baba yake kuwa ndio mwisho, naye asiwe anakudanganya hata kidogo, na bado tangazo la baadaye likawa limeusogeza mpaka.

Mbarali inatufundisha hilo kwa uchungu. Tangazo Na. 28 la 2008 lilipoipanua Ruaha kuingiza Usangu na bonde la Ihefu, ili Mto Ruaha Mkuu usikauke, vijiji vyenye shule na mashamba ya mpunga vilijikuta ndani ya mstari. Watu waliishi zaidi ya miaka kumi bila kujua kama wajenge choo kipya au wafungashe. Serikali ilikuja kuunda kamati ya mawaziri wa sekta nane kushughulikia migogoro ya namna hiyo nchi nzima, na mipaka ya Ruaha ikaangaliwa upya. Wengine walibaki, wengine waliambiwa waondoke. Mimi naamini Ihefu ilistahili kulindwa, na naamini pia kwamba mkulima alistahili kujua mstari uko wapi kabla hajamwaga zege. Hayo mawili hayapingani.

Basi fanya hivi. Nenda ofisi ya hifadhi au ya TFS wilayani, omba kwa barua kuonyeshwa GN ya hifadhi hiyo na mabadiliko yake yote. Nenda ofisi ya kijiji, omba kuona cheti cha ardhi ya kijiji pamoja na ramani yake. Kijiji kilichopimwa kinavyo, na ramani inaonyesha walipokubaliana na jirani zao, hifadhi ikiwemo. Ramani mbili zikitofautiana, acha hapohapo. Usinunue ardhi yenye mgogoro ukitumaini utakwisha.

Zikilingana, lipa mpima ardhi mwenye leseni aje na viwianishi, asimame juu ya kiwanja. Simu yako inaweza kukusaidia kukadiria, lakini hukosea mita kadhaa, na msituni chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Mwite mlinzi wa hifadhi na mjumbe wa serikali ya kijiji wawepo siku hiyo, mtembee pamoja, kisha muandike muhtasari na wote watie saini. Gharama ya mpima itakuuma. Kaka alikataa kulipa mpima akanunua saruji.

Hata ukiwa nje ya mstari, usijenge ukiugusa. Kuanzia Julai hadi mvua za Novemba nyasi za milimani ni kama karatasi. Moto ukitoka msituni au ukienda msituni, nyumba iliyo mpakani ndiyo ya kwanza kuungua au ya kwanza kulaumiwa. Acha nafasi ya njia ya moto. Mimi nisingesimamisha ukuta chini ya mita 100 kutoka kwenye kigingi, ingawa hicho ni kipimo changu tu.

Hatua ya nne: pima mita 60 kutoka kwenye maji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Nyumba ni shughuli ya kudumu. Sheria ya Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji. Kwetu, ambako kila korongo lina kijito chake, kipimo hiki kinakata viwanja vingi mno.

Pima kutoka ukingoni, siyo katikati ya maji, wala siyo pale maji yalipo mwezi wa Septemba. Kamba ya manila yenye fundo kila mita kumi inatosha kwa kuanzia. Na nenda kiangalie kiwanja mwezi wa Machi au Aprili. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kijito unachokiruka kiangazi, masika hukiruki. Ukitaka kununua mwezi wa Oktoba, tafuta mama anayelima jirani umuulize maji hufika wapi.

"Shikamoo mama. Masika maji yanaishia wapi hapa?"

"Marahaba mwanangu. Unaona ile migomba iliyolala? Basi hapo."

Jibu la namna hiyo lina uzito kuliko maelezo ya dalali yeyote.

Iringa na Njombe kuna jambo la vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Siku hizi watu wanauza kingo za vinyungu kama viwanja, kwa sababu ni tambarare na maji yako karibu. Usivinunue kwa kujenga. Bonde lile ni eneo oevu, msingi wake hautulii, choo chako kitavuja kwenye maji wanayokunywa wa chini, na siku ofisi ya bodi ya maji ya bonde itakapofika na utepe hutakuwa na hoja. Ofisi zenyewe hazipo mbali: Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Nenda ukaulize bure kabla hawajaja kwako.

Mteremko nao uangalie. Aprili 2024 mlima Kawetere uliporomoka, tope likafukia nyumba za watu Itezi, jijini Mbeya. Ukiona miti iliyoinama shina, nyufa ardhini zinazofuata mlima kwa ubavu, au chemchemi mpya iliyojitokeza juu ya kiwanja, tafuta mahali pengine hata kama afisa amekuruhusu.

Hatua ya tano: soma mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji

Vijiji vingi sasa vina mpango huu, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Ni ramani inayosema hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa chanzo cha maji, na nyuma yake zipo sheria ndogo. Omba kuiona, mara nyingi imebandikwa ukutani ofisini au iko kabatini kwa mtendaji. Kama kiwanja unachouziwa hakiko sehemu ya makazi, muuzaji ana haki ya kulima tu, au hata hiyo hana.

Ongea pia na kamati ya kijiji ya usimamizi wa matumizi ya ardhi. Wale ndio waliotembea na kuweka alama, wanajua kila jiwe. Kijiji kikikuambia hakina mpango, bado omba ramani ya mipaka.

Hatua ya sita: nunua mbele ya vikao

Mwenyekiti peke yake hauzi ardhi, na mhuri wake peke yake haukulindi. Halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi, nayo haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni watu wazima wote wa kijiji hicho. Ukinunua kutoka kwa mwanakijiji mwenye haki yake ya kimila, na wewe si mkazi, uhamisho huo unahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji, nao watakuuliza unakuja kuishi au kufanya nini. Jibu kwa ukweli. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichokukubali, wenye majina na saini za wajumbe. Hakikisha mke au mume wa muuzaji yupo na ametia saini, na watoto wakubwa kama ardhi ni ya urithi. Majirani wa pande zote nne wasimame kwenye kona zao.

Kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Ofisi ya ardhi ya wilaya inapoiandaa, ramani inapitiwa tena, na kama kiwanja kinagusa hifadhi, ni bora kijulikane wakati huo. Ndugu aliyechukua uraia wa nje ajue mapema kwamba masharti yake ya kumiliki ardhi si sawa na ya raia, aulize kwanza.

Hatua ya saba: kibali cha ujenzi

Kwenye miji na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango miji, huwezi kujenga bila kibali cha halmashauri, na vijiji vingi vya pembeni ya mji vimeshatangazwa bila wenyewe kutambua. Uliza wilayani kwa jina la kijiji na kitongoji. Utahitaji michoro, uthibitisho wa umiliki, na kama ardhi ilikuwa ya kilimo, kibali cha kubadilisha matumizi. Nje ya maeneo hayo, peleka taarifa ya maandishi kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, wakugongee nakala.

Anayetaka kujenga lodge au kambi ya watalii, hiyo ni safari nyingine: inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake kabla ya kuanza kuchimba. Usijenge "nyumba ya kuishi" ukitegemea kuigeuza baadaye.

Hatua ya nane: vifaa, maji na choo

Nyumba inaweza kuwa halali na vifaa vyake visiwe halali. Kuni za kuchomea tofali zikitoka msitu wa hifadhi, umeingia kwenye kosa pamoja na aliyezikata. Mafundi wakikuambia kuni "zitapatikana tu," waulize wapi. Tumia tofali za saruji, au nunua kuni za mashamba ya watu, mikaratusi na misonobari iko tele Mufindi. Mbao nunua zenye risiti na hati ya kusafirishia. Mchanga na mawe visichimbwe kwenye kingo za mto.

Choo na karo la maji machafu viwe upande wa chini na mbali na chemchemi yoyote, ya kwako au ya jirani. Kuvuta maji ya kijito kwa bomba kwenda kwako kunaweza kuhitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kinga maji ya bati. Kwa mvua zetu tanki la lita 5,000 hujaa haraka.

Kama umeshajenga na notisi imefika

Simamisha kazi siku hiyohiyo. Kila tofali linaloongezwa baada ya notisi linasomeka kama ukaidi. Usigombane na aliyeileta.

Andika barua kuuliza mambo matatu: ni sheria gani, ni GN ipi, na viwianishi vya mpaka ni vipi. Mlete mpima wako alinganishe. Wakati mwingine ofisi nayo hukosea, na kipimo chenye saini ya mtaalamu ndicho kinachoongea. Kama ulikuwa pale kabla ya eneo kutangazwa, kusanya kila ushahidi wa tarehe: risiti, muhtasari, picha, hati ya kimila, ushuhuda wa majirani. Aliyekutwa na tangazo ana haki ya fidia kamili, ya haki na ya haraka. Aliyeingia baada ya tangazo hana hoja hiyo.

Mgogoro na muuzaji au jirani unaanzia kwenye usuluhishi wa Baraza la Ardhi la Kijiji na la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuishtaki serikali au taasisi yake kunataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, kwa hiyo tafuta mwanasheria mapema. Vituo vya msaada wa kisheria vipo Mbeya na Iringa. Muuzaji aliyekuuzia akijua, mripoti polisi kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, na fanya hivyo akiwa bado yupo.

Kama kipimo kimethibitisha kuwa uko ndani, omba kwa maandishi muda wa kubomoa mwenyewe. Nyumba inayobomolewa na mwenyewe inatoa milango, madirisha, nondo na nusu ya tofali. Kaka aligoma hadi siku ya mwisho, akaokoa fremu sita za madirisha tu. Sasa zipo kwenye nyumba yake ya vyumba viwili chini kidogo ya hapo, mita 140 kutoka mtoni na kilomita moja na nusu kutoka kigingi cha kwanza.